Kasha la Taa ya Kuvaa: Mwongozo kwa Mafundi wa Butembo na Beni

Motari, yaani mwendesha pikipiki, atokaye Butembo kwenda Beni hushuka, katika mwendo wa kilomita 54 hivi, kutoka kimo cha karibu mita 1,750 hadi mita 1,150 au pungufu kidogo, akiiacha nyuma baridi ya milima na mikaratusi yake, akaingia katika nchi ya joto inayopakana na bonde la Semuliki. Na katika safari hiyo moja huweza kukutwa na mvua ya ghafula pale Maboya, na vumbi jekundu karibu na Kalunguta, na jua la adhuhuri lichomalo mgongo, ilhali chini ya koti lake jasho halikomi. Fundi aombwaye kumtengenezea mtu kama huyo taa ya kuvaa, ile ya LED imulikayo mgongoni ili malori yamwone wakati wa magharibi, aghalabu humaliza akili yake yote katika sakiti, na kasha akalifanya jambo la mwisho, kwa kipande cha chupa na utepe wa plastiki; kisha baada ya majuma machache taa hurudishwa dukani ikiwa na kutu ya kijani kwenye shaba, na lawama zote huangukia betri, ambayo kwa hakika haina hatia.

Mwongozo huu unahusu kasha peke yake. Nachukulia kwamba sakiti umekwisha kuiunga na inafanya kazi mezani, nayo ni ya kawaida: seli moja ya lithiamu ya namna ya 18650, yaani yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, kibao kidogo cha kuchajia, kibao cha kuifanya taa imemeteke, na waya mmoja mwembamba uendao kwenye safu ya taa zilizoshonwa mgongoni mwa jile, yaani kizibao cha motari. Vyote hivyo, isipokuwa taa zenyewe, vitaingia katika kasha lenye nafasi ya ndani ya sentimita 9 kwa 5 kwa 3. Ikiwa chombo chako ni kingine cha kuvaliwa, mathalani kipimajoto cha kufungwa mkononi mwa mgonjwa, hesabu zitabadilika kidogo, lakini kanuni ni zile zile.

Kosa kubwa, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu, ni ile imani ya kwamba kasha likizibwa barabara basi maji hayataingia. Hewa iliyomo ndani ya kasha lililozibwa haitulii. Jua likilipiga, hewa hupanuka. Mvua ya baridi ikilinyeshea ghafula, hewa ile ile husinyaa, na ikishuka kutoka nyuzi 45 hadi nyuzi 18 hupungua kwa karibu asilimia 8. Fauka ya hayo kuna mteremko wenyewe: kanieneo ya hewa ya Beni inaipita ile ya Butembo kwa kiasi cha asilimia 7, hata kasha lililofungwa Butembo likifika Beni, kila sentimita ya mraba ya kifuniko chake husukumwa kutoka nje kwa uzito wa gramu 60 na kidogo, na kifuniko cha sentimita 45 za mraba hubeba karibu kilo 3. Ikiwa wakati huo huo mvua imekilowesha kifuniko, basi maji yaliyokaa kwenye ufa usioonekana kwa macho hayaingii kwa kutiririka, yanafyonzwa. Kisha motari apandapo kurudi Butembo hewa hutoka na maji hubaki, kwa kuwa hewa hupita pasipopita maji, na safari ya pili huongeza tone juu ya tone, kasha likawa mfano wa mivukuto ya mhunzi, isipokuwa kwamba hili huvuta maji na kupuliza hewa.

Viwandani dawa ya maradhi haya ni kitobo kilichozibwa kwa utando maalumu upitishao hewa na kuzuia maji, na mwenye jamaa afanyaye biashara ya Guangzhou aweza kumwagiza utando huo ukaja mfukoni bila kulipiwa uchukuzi. Lakini iko njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi, kwa sababu hupitisha mvuke kidogo kuliko utando huo, nayo ni kidole cha glavu ya hospitali. Toboa tundu la milimita 6 katika upande wa kasha utakaotazama chini livaliwapo. Kata kidole gumba cha glavu ya nitrili, wala si ya mpira wa asili, ambao huchakazwa upesi na joto na mafuta. Kisha kitie ndani ya kasha, mdomo wake ukilizunguka tundu na kubanwa kwa pete ya plastiki iliyogundishwa, hata hewa ya nje isiwe na pa kuingilia ila ndani ya kidole chenyewe. Sasa kanieneo ya nje ikizidi, kidole hujaa na kutuna ndani ya kasha mpaka pande mbili zilingane, ikipungua, hunywea. Kasha letu, baada ya vitu kupangwa, lina hewa ya mililita 100 hivi, na mabadiliko yote mawili, ya joto na ya mteremko, yakijumlishwa hayazidi sana mililita 15, ambazo kidole gumba huzichukua bila hata kunyooka.

Liko sharti moja, nalo husahauliwa kwa wepesi. Kidole kilichonywea tangu mwanzo chaweza kujaa, lakini hakiwezi kunywea zaidi. Kwa hiyo fundi wa Butembo na afunge kasha mchana wakati wa joto, kidole kikiwa kitupu, maana safari zote za kasha kutoka hapo ni za kushuka na kupoa. Fundi wa Beni hana budi kufanya kinyume: atie pumzi kidogo kidoleni kabla ya kukaza kifuniko, kifike nusu, ili kasha lipandapo mlimani liwe na cha kurudisha.

Jambo la pili si la elimu ya hewa bali la watu, na mtu akaaye mji mwingine huenda asiliwazie kabisa. Beni na viunga vyake vimeonja mauaji ya mfululizo tangu Oktoba 2014. Tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka ndani ya kanisa katoliki mjini humo, na siku ya Noeli ya mwaka ule ule mtu aliyejifunga bomu alijilipua penye mkahawa uliojaa watu. Katika mji wenye kumbukumbu hizo, na katika mkoa uliowekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, mtu ashukaye kwenye pikipiki mbele ya kizuizi akiwa na sanduku jeusi kifuani, lenye waya na kitaa kimemetekacho, anamtaka askari kijana amwamini kwa neno tupu, nalo ni ombi kubwa mno. Kasha la kuvaliwa huku ni lazima liwe angavu. Hili silihesabu kuwa pambo la kazi. Afadhali taa iliyoingia maji kuliko taa kavu iliyomfanya mwenye kuivaa adhaniwe adui.

Wenyeji wa huku, hata hivyo, walikwisha kuiona thamani ya ukuta upitwao na macho. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina na kuenea Beni, Butembo na Katwa, nayo haikutangazwa kwisha hata tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imekwisha kuua watu zaidi ya 2,200, uvumi ulikwenda mbio kuliko ugonjwa: mgonjwa aliingia nyuma ya turubai, na jamaa zake hawakuona tena kilichotendeka humo. Shirika la ALIMA lilileta Beni chumba kiitwacho CUBE, chenye kuta za plastiki angavu na mikono ya glavu iliyoungwa ukutani, mganga akamhudumia mgonjwa akiwa nje, na ndugu wakasimama kando wakizungumza naye uso kwa uso. Sidai kwamba kuta hizo ziliumaliza uvumi, kwani mnamo Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kutiwa moto. Nadai tu kwamba aliyekisanifu chumba kile alifahamu kuwa kinga isiyoonekana ndani huzaa shaka, na fundi wa vitu vya kuvaa yafaa afahamu vivyo hivyo.

Basi kifuniko kiwe cha polikaboneti ukiipata, kwa sababu haivunjiki kwa kuanguka na hutoboleka bila kupasuka. Akriliki, ambayo mafundi wa mabango huiita pleksi, hung'aa zaidi, lakini hufanya ufa kwenye tundu la skrubu usipoitoboa polepole kwa keekee kali. Uliza kwanza masanduku ya mafundi umeme yenye kifuniko angavu, yale ya kuwekewa swichi za nje ya nyumba, katika maduka ya Butembo, mji ambao wafanyabiashara wake huagiza mpaka Dubai, au katika soko la Kilokwa kule Beni. La ukubwa mdogo litafaa bila kukatwa. Ukilikosa, chukua CD mbovu: sahani yake ni polikaboneti ya unene wa milimita 1.2, na ukiisha kubandua gamba lake la fedha kwa utepe wa kunata, waweza kukata kando ya tundu la katikati dirisha la sentimita 6 kwa 3 na kulibandika juu ya kifuniko cho chote. Kasha angavu la kuwekea CD usilitumie, maana hilo ni polistireni, nayo huvunjika kwa kishindo kidogo. Mabakuli ya chakula yenye vibanio vinne na ukanda wa silikoni ni mazuri na hupatikana kila soko, ila plastiki yake haishiki gundi hata kidogo, basi kila kitu humo kifungwe kwa skrubu. Na kama una rafiki mwenye mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, mkumbushe kwamba ile plastiki ya kawaida ya mashine hizo, iitwayo PLA, hulegea ifikapo nyuzi 60 hivi, joto ambalo kitu kilichoachwa juu ya tangi la pikipiki juani huweza kulikaribia.

Gundi nayo ina hila zake. Ile ikaukayo mara moja hutoa mvuke uachao ukungu mweupe juu ya plastiki angavu, ukungu usiofutika kwa urahisi. Silikoni inukayo siki, ambayo ndiyo ya bei rahisi, hutoa asidi ikaukapo na kuila shaba ya sakiti. Ukilazimika kuitumia, ziba kasha likiwa tupu, uliache wazi mpaka harufu iishe kabisa, ndipo uingize sakiti. Petroli usiipitishe juu ya polikaboneti, ijapokuwa motari husafishia kila kitu, kwani huipasua vinyufa.

Baina ya kifuniko na kasha huwekwa ukanda wa mpira, na hapa hazina iko mtaani: mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, ambao uliumbwa kwa kazi ya kuzuia hewa. Kata kipande kimoja kizima chenye umbo la fremu, upana wa milimita 4 au 5, wala usiunge vipande vinne penye pembe, maana pembe ndipo kila kasha livujapo. Kaza skrubu kwa kuvuka, kutoka pembe moja hadi ya mkabala, kidogo kidogo, mpaka mpira ubonyee robo ya unene wake. Aliyezoea kukaza kwa nguvu zake zote atakipinda kifuniko kati ya skrubu na skrubu, akafungua njia pale pale alipodhani anaifunga.

Kila tundu ni adui. Swichi ya kawaida ni tundu, na tundu hilo laweza kuepukwa kwa swichi ya sumaku, ile itumikayo katika kengele za tahadhari za milangoni, ikagundishwa ndani ya ukuta wa kasha, na sumaku ikashonwa kwenye kipande cha kitambaa ambacho mvaaji hukisogeza nje. Kuchaji pia usikufanyie tundu. Fungua kifuniko nyumbani, juu ya meza, upate na nafasi ya kutazama hali ya ndani. Hubaki tundu la waya, na hilo lisitobolewe juu wala pembeni bali upande wa chini, jirani na tundu la kidole. Tumia shingo ya plastiki ya kubania waya ya kipimo cha PG7, ambayo hubana waya wa milimita 3 hadi 6.5, na ndani yake uufunge waya fundo ili ukivutwa using'oe maungio. Waya utokapo na ushuke kwanza kidogo kabla haujapanda begani, ili maji yanayoufuata yadondokee kwenye kipindi hicho cha chini yasiingie kashani.

Wako mafundi wasemao kwamba taabu zote hizi zaweza kuepukwa kwa kuimwagia sakiti resini mpaka kasha lijae. Ni kweli kwamba maji hayatapita. Lakini seli iliyozikwa katika resini haibadilishiki, na ikiharibika haina pa kuvimbia. Resini naikubali kwa vibao peke yake, tabaka jembamba, na seli iachwe huru.

Seli hiyo ndiyo hatari pekee ya kweli katika kazi hii, maana hukaa karibu na kifua cha mtu. Haipasi kuzidi voliti 4.2 ikijaa wala kushuka sana chini ya 3, kwa hiyo kibao cha kuilinda si cha hiari. Usiunge waya kwa risasi moja kwa moja juu ya seli tupu, kwani joto la pasi laweza kuiharibu ndani. Tumia kishikizo chenye chemchemi, na ukiweke kifyuzi kidogo kwenye waya chanya mara tu utokapo hapo. Seli iliyobonyea, au iliyochubuka gamba lake, isivaliwe hata ikiwa bado inawasha taa. Ikae upande wa kifuniko, na kifuniko kitazame nje, baina yake na mwili ukiwepo ukuta mnene wa kasha pamoja na kipande cha mpira au cha ngozi, ili ikitokea imepata joto na kupasuka, njia iliyo rahisi iwe ya kuelekea mbele, si ya kuelekea mbavuni.

Mahali pa kuvalia ni kifuani, upande wa kushoto, chini kidogo ya mfupa wa bega. Wengine hupenda mgongoni ziliko taa, lakini motari aangukaye chali juu ya kitu kigumu kilichokaa penye uti wa mgongo atajutia akiba ya waya. Na zaidi ya hayo, mtu aliyeamriwa aonyeshe alichobeba hapasi kulazimika kupeleka mkono nyuma. Kasha lifungwe kwa vitanzi vya kitambaa vilivyoshonwa katika jile, si kwa kamba ya shingoni. Pembe zote zipigwe tupa mpaka ziviringe. Ndani, waya zilazwe kwa utaratibu, bila utepe mweusi ufichao vitu, na juu ya kifuniko iandikwe kwa herufi kubwa kwamba hii ni taa, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kilingala, ambacho ndicho kisemwacho zaidi jeshini. Taa ya rangi ya buluu na iachiwe polisi. Na katika kasha hili mimi nisingetia kitu cho chote kipelekacho mawimbi ya redio, hata kama kina manufaa, kwa sababu taa huelezeka kwa neno moja na redio haielezeki.

Ikiwa mvaaji ni muuguzi, kuna jambo la kuongeza. Dawa ya klorini ya asilimia 0.5, ambayo vituo vya matibabu huitumia kuulia vidudu juu ya vyombo, huila chemchemi ya chuma na bati la alumini bila huruma, kwa hiyo skrubu za nje ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kitambaa cha vitanzi kiwe cha kutolewa, kwa kuwa klorini huibambua rangi na kuzilegeza nyuzi. Kasha likiisha kupakwa dawa na kukaa dakika 10, na lisuuzwe kwa maji safi. Tundu la kidole lielekee chini muda wote huo.

Kabla hujalikabidhi, lijaribu bila seli wala vibao ndani yake. Kanuni ya kimataifa ya vifaa visivyoingia maji, ile iandikwayo IPX7, ni kulizamisha kasha katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, na pipa la maji ya mvua lenye kina hicho latosha. Lakini jaribio hilo, lifanywavyo kwa kasha na maji yenye joto moja, ni la upole kuliko njia ya Beni. Liache kwanza juani saa nzima mpaka liwe la moto mkononi, kisha litumbukize ghafula katika maji ya kisima. Ukikichungulia kidole cha glavu kupitia kifuniko angavu, utakiona kikituna. Kisipotuna, hewa inapita mahali pengine. Ili ujue ni wapi, kabla ya kufunga kata karatasi laini ya msalani iwe fremu ya kulala kando ya ukanda wa mpira, upande wa ndani, uitie nukta za wino wa kalamu uyeyukao majini kila baada ya sentimita moja. Ufunguapo, wino uliotawanyika ndio ukuonyeshao skrubu ya kukaza au mpira wa kukatwa upya. Vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu, vile vijavyo katika maboksi ya viatu, vyafaa kuongezwa kimoja baada ya kasha kufaulu, vikaushwe kwanza kwenye kikaango juu ya moto mdogo. Mchele ambao watu huusifu kwa kazi hiyo haufui dafu. Kidole cha glavu nacho kibadilishwe kila mvua zinapokaribia, Machi na tena Agosti, hata kama kionekane kizima.